Siku Inaanza Magharibi

Mzee alikuwa ameketi mlangoni pa duka lake la vyombo vya shaba, sinia magotini, nyundo ndogo mkononi. Nilipomkaribia aliacha kugonga, akaniangalia, akasema: "Merhaba."

Nilikwama hapo hapo. Neno lenyewe nililielewa, tena nililielewa kupita kiasi. Kwa mtu aliyelelewa Tanga, marahaba haitangulii. Marahaba ni jibu. Mdogo hutoa shikamoo, mkubwa akaipokea, na mtoto anayechelewa kuitoa huulizwa kwao ni wapi. Sasa mzee huyu wa Sarajevo, ambaye kwa mvi zake angeweza kuwa babu yangu, alikuwa ameniitikia salamu ambayo sikuitoa. Nilijiona mtovu wa adabu katika mji ambao hakuna hata mtu mmoja angelitambua kosa langu. Nikasema "Merhaba" kama alivyosema yeye, nikapita. Lakini mtaa mzima wa Kazandžiluk niliupita na ile shikamoo mdomoni, kama mtu aliyeshuka kwenye daladala bila kulipa nauli.

Nilikuwa nimefika jana yake kwa treni kutoka Mostar, katika wiki ya pili ya Julai. Joto la mchana lilikuwa la kwetu kabisa, lile la kukausha shati kamba ikiwa bado inayumba. Lakini mji uko mita 500 na kitu juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama, vilima vinavyouzunguka huachia baridi ya kumfanya mtu wa pwani atafute sweta. Mto Miljacka ulikuwa chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakijikokota juu ya mawe. Huu ni mji ulioanzishwa katika karne ya 15 na gavana wa Kiothmani, Isa-beg Ishaković, na kitovu chake hadi leo ni soko la zamani, Baščaršija: vichochoro vya mawe yaliyolainishwa na nyayo, vibanda vya mbao, moshi wa nyama ya kusaga inayochomwa na kuliwa na mkate na vitunguu vibichi, na njiwa wengi kuliko watu.

Masikio yangu hayakupata raha. Duka huko ni dućan. Habari ni haber. Sanduku ni sanduk, kahawa ni kahva, na finjani ya kunywea kahawa ni fildžan. Wakfu ni vakuf. Asubuhi bibi mwenye nyumba niliyopanga, kwenye kilima cha Bistrik, alimsalimu jirani yake kwa maneno "sabah hajrula", nami nikasikia sabalkheri ya nyumbani ikiwa imevaa koti. Maneno hayo hayakutoka kwetu kwenda kwao, wala kwao kuja kwetu. Yalitoka Uarabuni, mengine yakiwa yamepitia Uajemi. Yakapanda kaskazini mdomoni mwa Waturuki hadi Balkani, na mengine yakateremka kusini na majahazi ya kaskazi hadi Mombasa na Unguja. Ni watoto wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba mbili zisizojuana.

Na kama ilivyo kwa watoto wa namna hiyo, sura zinafanana lakini tabia ni nyingine. Kwao sinija si sinia la kubebea vikombe, ni meza yenyewe ya duara, fupi, ya kulia chini. Takvim ni kalenda ya nyakati za sala. Kwetu neno hilo hilo limeingia serikalini, likawa takwimu, likavaa tai. Nilijionya mapema: usije ukadhani uko nyumbani kwa sababu tu umesikia jina lako likiitwa. Nilijionya, kisha nikasahau, na aliyenikumbusha ni saa.

Mnara wa saa wa Sarajevo, Sahat-kula, unasimama kando ya msikiti wa Gazi Husrev-beg, mita 30 hivi za mawe ya rangi ya mchanga, kazi ya karne ya 17. Asubuhi ile ya kwanza simu yangu ilisema saa nne kamili, nami nikainua macho. Mkono mfupi ulikuwa kati ya moja na mbili. Karibu yangu kijana mmoja mtalii alimwambia mwenzake kwamba imeharibika, wakapiga picha hivyo hivyo, wakaondoka.

Haikuwa imeharibika. Nilikuwa nimesoma kabla ya safari kwamba mnara huu unahesabu kwa desturi ya zamani ya dola ya Othmani: jua linapozama, mikono yote miwili inakutana juu, saa kumi na mbili, na siku mpya inaanza. Uturuki yenyewe iliachana na hesabu hiyo mwaka 1926. Mnara huu haujaachana nayo. Nilisimama pale kifua mbele. Kumi na mbili ni machweo! Dunia nzima inatucheka Waswahili kwa saa zetu. Kila mgeni anayekuja kwetu hukosa basi walau mara moja kwa sababu aliambiwa saa mbili akafika saa nane. Na hapa, katikati ya Ulaya, pana mnara mzima wa mawe unaosema kama mama yangu anavyosema. Karibu nimwite yule kijana nimweleze.

Bahati nzuri sikumwita, maana nilipoanza kupiga hesabu, fahari ikaniishia. Kwangu ilikuwa saa nne asubuhi. Mnara ulisema moja na nusu. Tulikuwa tumepishana saa mbili na nusu, mimi na huyu ndugu yangu mpya.

Nilikwenda kunywa kahawa ili nifikiri. Kahawa ya Bosnia huletwa ndani ya mdila wake mdogo wa shaba, na finjani, na kipande cha sukari, na kitu kitamu cha wanga kinachofanana na halua iliyokosa subira. Mnywaji humimina mwenyewe, kidogo kidogo. Ni kinywaji kizuri kwa hesabu. Na hesabu yenyewe ni hii. Tanga iko karibu na ikweta. Jua letu huzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa, iwe Juni iwe Desemba, tofauti ya mwaka mzima ikiwa kiasi cha nusu saa hivi. Kwa hiyo wazee wetu waliposema siku ya saa inaanza jua likituama, waliweza kusema mara moja tu, wakanyamaza. Jua lilikuwa mtumishi mwaminifu. Hakuna aliyehitaji kumkagua. Sarajevo jua lake ni la kuhamahama. Mwishoni mwa Juni huzama kama saa mbili na nusu usiku kwa saa ya simu. Desemba huzama saa kumi jioni na dakika chache, watoto wakiwa ndiyo kwanza wanatoka shule. Mnara unaotaka kumi na mbili yake ikutane na machweo ya kweli hauwezi kuachwa utembee wenyewe. Lazima mtu apande ngazi, kalenda mkononi, ausogeze.

Na yupo mtu huyo. Kazi yake ina jina la zamani, muvekit, mtu wa wakati, na ndani yake Mswahili anausikia wakati wenyewe. Hatua chache kutoka mnarani pana nyumba ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1859, muvekithana, walikokaa watunza wakati na vyombo vyao vya kupimia jua na nyota. Siku hizi dunia ina saa za atomu, na mtu wa Sarajevo bado anapanda mnara kurekebisha mtambo uliotengenezwa London na kuletwa huku katika miaka ya 1870. Ndiyo, London. Wafanyabiashara wa mji walinunua Uingereza mashine ya kuhesabia siku inayoanza magharibi.

Neno hilo lilinitega kwa siku nne zote. Kwenye barabara ya Ferhadija, pale soko la Waturuki linapokutana na majengo ya Waaustria waliotawala kuanzia 1878 hadi 1918, umechorwa mstari ardhini wenye dira: huku Mashariki, huku Magharibi. Watalii huweka mguu mmoja huku na mmoja kule, wakapigwa picha. Ukisimama hapo ukaangalia upande mmoja unaona minara na vibanda. Ukigeuka, unaona mapambo ya plasta na madirisha marefu ya Vienna. Ni mstari mzuri, na ni uongo kidogo, kama mistari yote. Wazungu wengi wana neno moja la upande na neno jingine la jua kuzama. Sisi tuna moja tu. Magharibi ni huko, na magharibi ni sasa hivi, wakati adhana inasikika na mama anakuita uingie ndani. Kwa hiyo nilipoambiwa hapa ndipo Mashariki inapokutana na Magharibi, mawazo yangu yalikwenda kwenye saa badala ya ramani. Nilifikiri: mji mzima huu ni jioni.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema "Alhamisi usiku". Jua likizama siku ya Alhamisi, alisema sasa ni usiku wa Ijumaa, akatoa chetezo na udi. Tulipokuwa wadogo tulimwona amechanganyikiwa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba siku hubadilika saa sita za usiku, na tulimsahihisha, naye alituangalia kama watu waliokuja kumfundisha njia ya kisimani. Magazeti yetu mpaka leo yanalazimika kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", kwa sababu lugha haijakubali kuupa usiku siku iliyopita. Inaona usiku ni wa siku inayokuja, kama mimba ni ya mtoto.

Nikiwa pale kibarazani na finjani ya pili, nilianza kuona kwamba bibi alikuwa na hoja. Saa sita za usiku ni nini? Ni wakati ambao hakuna kinachotokea. Angani hakuna dalili. Ukiwa macho huoni lolote likibadilika isipokuwa tarakimu. Ni mpaka uliowekwa na ofisi. Machweo yanaonekana na kila mwenye macho, tajiri na mchunga mbuzi, hayahitaji kutangazwa. Na siku inayoanza machweo ina tabia nyingine: inaanza kwa kitu usichokiona. Kwanza giza, kwanza kulala, kwanza kukabidhi. Kazi na faida vinakuja baadaye. Anayeanza siku yake kwa mlio wa simu asubuhi anaamini siku ni yake, aifanye atakavyo. Anayeianza magharibi anaipokea ikiwa imefunikwa.

Nilimwuliza bibi mwenye nyumba kama wao huitumia saa ile. Alicheka mpaka akaweka kisu cha nyanya chini. Alikuwa akiniita "sine", yaani mwanangu, tangu siku ya kwanza, bila kunikopesha wala kunidai chochote kwa jina hilo. "Sine," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "hiyo si saa ya kuwahia basi." Basi anawahi kwa simu. Nikauliza, ya nini sasa? Akafikiri, akanyanyua mabega, akarudi kwenye nyanya zake.

Jibu lake nililipokea hivyo lilivyokuja, na ninadhani ndilo sahihi. Lakini mabega yaliyonyanyuliwa hayamtoshi mtu mwenye siku tatu za kuzurura, kwa hiyo niliendelea kutafuta.

Katikati ya uwanja wa njiwa kuna kibanda cha mbao chenye kuba la kijani, Sebilj, na mabomba mawili ya maji baridi. Cha kwanza kilijengwa mwaka 1753 na gavana Mehmed-paša Kukavica. Hiki cha sasa ni cha 1891, kazi ya msanifu Mwaustria, Alexander Wittek. Husemwa kwamba anywaye maji yake atarudi Sarajevo, jambo ambalo wenye hoteli hawalikanushi. Mimi nilikunywa kwa sababu ya jina. Sabili! Mtungi uliowekwa nje ya msikiti, kata ikining'inia kwenye kamba, mpita njia anakunywa bila kuuliza wa nani. Kitu cha sabili hakina bei wala mwenyewe. Na hapo Baščaršija, ambako maji ya chupa yanauzwa hatua tatu kutoka bombani, bado watu wanainama, wanakinga viganja, wanakunywa.

Nyuma ya maji kuna sheria. Gazi Husrev-beg, gavana aliyejenga msikiti mkuu uliokamilika mwaka 1531, aliacha nyuma yake wakfu: msikiti, madrasa, soko lililoezekwa, jiko la kulisha wasafiri na maskini. Kuweka mali wakfu maana yake ya asili ni kuisimamisha. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi tena zawadi, imesimama. Kinachotembea ni faida yake. Katika hati ya mwaka 1537 aliagiza kwamba fedha zitakazosalia baada ya kujenga madrasa zinunuliwe vitabu vizuri. Hilo lilinifurahisha kuliko kuba lolote. Mtu ana uwezo wa kujenga mnara mwingine, na anasema: chenji iende kwenye vitabu.

Mpaka hapa nilikuwa nimeshajitengenezea nadharia nzuri, na nilitembea nayo siku nzima kama kijana aliyenunua viatu vipya. Nadharia ilisema hivi: cha kale katika mji wa kale hakikai kwenye jiwe. Jiwe hupita. Jenerali wa Austria, Eugene wa Savoy, aliuchoma mji huu mwaka 1697; ukajengwa. Sebilj ilipotea, ikajengwa nyingine. Kinachobaki ni marejeo: mtu anapanda tena mnara, anamimina tena maji, anafungua tena mlango. Mnara ambao hakuna anayeupanda ni wa kale bure. Niliwaza hata mnara wa saa wa Beit al-Ajaib pale Forodhani, ulioanguka tarehe 25 Desemba 2020, na nikajifariji kwamba kilichoanguka kinaweza kusimamishwa ikiwa bado yupo anayejua kwa nini kilisimama.

Viatu vipya viliniumiza nilipofika Vijećnica.

Ni jengo la kando ya mto, la mistari ya njano na nyekundu, lililofunguliwa mwaka 1896 kama ukumbi wa jiji. Wittek yule yule wa Sebilj alikuwa miongoni mwa waliolibuni. Baadaye likawa Maktaba ya Taifa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 1992, mji ukiwa umezingirwa katika vita ya Bosnia, lilipigwa kwa mizinga kutoka vilimani, likawaka. Wakutubi na wakazi walijaribu kutoa vitabu chini ya moto. Mkutubi mmoja kijana aliuawa. Majivu ya kurasa yalielea juu ya paa za mji. Jengo limekarabatiwa, likafunguliwa tena mwaka 2014, na limerudi kwa uzuri wa kutisha: nguzo, vioo vya rangi, ngazi zinazong'aa. Niliingia, nikapanda, nikatafuta mahali pa kukasirika nisipaone. Alama ya moto sikuiona. Kazi ya marejeo imefanyika, tena kwa ustadi. Vitabu havikurudi. Vingi vilikuwa nakala pekee.

Kwa hiyo kuna vitu ambavyo hakuna mtunza wakati anayeweza kuvisogeza vikakaa sawa. Nje, barabarani, nilikanyaga bila kukusudia moja ya yale wanayoyaita mawaridi ya Sarajevo: kovu la kombora kwenye lami, lenye petali zake za kutisha, lililojazwa utomvu mwekundu uliokauka. Nilirudisha mguu. Mwanamke mwenye mfuko wa mboga alipita katikati yake, akijua bila shaka lilipo, maana yeye ndiye mwenyeji. Mengine yamekwishatoweka, barabara zikitengenezwa upya. Mzingiro ulidumu siku 1,425, kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Tarehe 6 Aprili 2012, miaka 20 tangu uanze, barabara kuu ilipangwa viti vyekundu 11,541, kimoja kwa kila aliyeuawa, vikatazama jukwaa.

Nilijaribu kuzihesabu siku zile kwa saa ya mnara. Kila moja ingeanza giza likiingia, bila umeme, maji yamekatika. Na nikagundua kwamba katika mji ule hesabu ya bibi yangu isingekuwa desturi tu. Mdunguaji aliyelala kilimani anahitaji mwanga. Mchana ndio uliokuwa hatari. Giza lilikuwa shuka la kujifunikia.

Hapo ndipo anapoingia mtu mmoja ambaye nimemfikiria kuliko msikiti na mnara. Wakati Maktaba ya Taifa inaungua, maktaba ile nyingine, iliyozaliwa na chenji ya mwaka 1537, ilikuwa na maelfu ya miswada ya mkono ya Kiarabu, Kituruki, Kiajemi na Kibosnia. Wafanyakazi wake waliihamisha mara kadhaa mji ukiwa umezingirwa, kutoka jengo hadi jengo, mingine ikiwa ndani ya maboksi ya ndizi, wakivuka mitaa iliyokuwa shabaha. Walikuwa watu wachache: mkurugenzi, wakutubi, msafishaji. Na mlinzi wa usiku. Mlinzi huyo alitokea Kongo.

Nimelirudia hili kichwani mara nyingi, na kila mara linakataa kukaa vizuri katika nadharia yangu. Vitabu havikuwa vyake. Mji haukuwa wake. Lugha za miswada ile hazikuwa za utotoni kwake. Alikuwa na sababu zote za kusema hii si vita yangu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibeba maboksi. Nilijiuliza alihesabu saa za zamu yake kwa lugha gani. Kama alipokaa gizani na tochi iliyozimwa alisema moyoni saa tatu, saa nne, au midnight, au ponoć kama wasemavyo wenyeji. Nilijiuliza na maboksi yale: ndizi zilizotoka nchi ya joto, zimeliwa zamani, na sasa boksi limebeba Qur'ani ya karne zilizopita mikononi mwa mtu wa nchi ya ndizi. Wanafalsafa wa vyumbani hututaka tuulize kwanza maana ya kitu ndipo tukitende. Mlinzi wa zamu hana nafasi hiyo. Usiku umeingia, boksi liko mlangoni, na upande wa pili wa barabara kuna mtu ana bunduki.

Jioni ya mwisho nilipanda Žuta tabija, ngome ya zamani juu ya mji. Njia inapita kando ya makaburi ya Kovači, mawe meupe mamia kwa mamia, na ukisoma miaka ya mwisho unakuta ile ile: 1992, 1993, 1994, 1995. Kuna aliyezaliwa mwaka mmoja na mimi. Juu ngomeni vijana walikuwa wamekaa ukutani, miguu inaning'inia, wanamenya mbegu za alizeti, wanacheka. Sikuwaona wakikosa heshima. Mji wote ulikuwa umelala chini yetu kando ya mto, ukielekea kule jua linakokwenda: kwanza paa nyekundu za Baščaršija, halafu Vienna, halafu maghorofa ya enzi ya Tito wa Yugoslavia, halafu vioo. Pale juu, mpangilio wa mji na mpangilio wa jioni ni kitu kimoja.

Simu ilisema saa mbili na dakika 26. Jua liligusa mlima, likakaa kidogo kama mgeni anayeaga mlangoni, likazama. Taa za mnara mmoja wa msikiti zikawaka, kisha wa pili, kisha bonde zima, na adhana zikaanza kupishana, hii ikimaliza sentensi ya ile. Mahali fulani chini kule mikono miwili ilikuwa imekutana juu. Kumi na mbili. Kijana aliyekuwa kando yangu alinipa mbegu kiganjani bila kuniangalia.

Niliteremka katika siku mpya, gizani, nikishika kuta. Kazandžiluk ilikuwa inafungwa. Mzee wa shaba alikuwa ameingiza masinia, na kalamu zile anazowauzia watalii, zilizotengenezwa kwa maganda ya risasi, kitu ambacho siku ya kwanza kilinichukiza na ambacho sasa sikujua tena kama nina haki ya kuchukizwa nacho. Alikuwa anahangaika na komeo la mlango wa mbao. Nilisimama mbele yake, nikainamisha kichwa kidogo kama nilivyofunzwa.

"Shikamoo, mzee."

Hakuuliza ni lugha gani. Alinitazama chini ya taa, mkono mmoja bado uko kwenye komeo.

"Merhaba," akasema. "Merhaba."